Shingo Kwanza

Fundi hagusi nyuzi kwanza. Gitaa la besi likishatolewa kwenye begi, analilaza chali juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili, kisha anatoka nje kunawa mikono kwa sabuni. Akirudi anavua saa na pete ili chuma kisikwaruze rangi, anafungua mlango wa karakana mpaka mwisho ili mwanga uingie kwa ubavu, anavuta kigoda na kukaa. Muuzaji na mnunuzi wako kwenye benchi, wanamwangalia. Mnunuzi ni kijana anayepiga besi kanisani. Muuzaji ni mwanamuziki wa makamo aliyerudi kutoka Muscat, alikokuwa akipiga muziki hotelini kwa mkataba. Bei imeshatajwa lakini haijakubaliwa. Jambo moja tu wamekwisha kubaliana, kwamba fundi aseme.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja Kinondoni, jijini Dar es Salaam, chenye meza ndefu, rafu ya makopo ya skrubu na amplifaya moja kuukuu. Mwenye karakana alipiga besi kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa matengenezo. Ameniruhusu kukaa na kutazama kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Anatengeneza magitaa na vinanda, lakini kazi iliyonivuta ni ile ya kukagua besi iliyotumika kabla haijauzwa. Sijaona kazi ya mkono yenye subira kama hiyo.

Soko la besi zilizotumika hapa mjini linakwenda kwa watu kujuana. Kwaya ikipata chombo kipya, cha zamani kinatafutiwa mtu. Bendi ikivunjika, vyombo vinagawanywa. Ndugu aliyeko Ulaya anatia moja ndani ya kontena. Na wapo wanaorudi kutoka Uarabuni, ambako wanamuziki wetu wamekuwa wakifanya kazi za hoteli kwa muda mrefu, wakiwa na vyombo walivyovinunua huko. Picha inatumwa kwa simu, anayetaka anauliza bei ya mwisho. Picha inaonyesha rangi, na inaonyesha jina la kampuni kichwani. Haionyeshi hali ya shingo, na kwenye besi thamani yote iko shingoni.

Iliyoko mezani ni Fender Jazz Bass ya Japani, kahawia iliyokoza pembeni na kufifia hadi manjano katikati, na plastiki yake nyeupe imeanza kupiga unjano. Fundi anaitazama kwa muda bila kuigusa. Macho yanapita kwenye skrubu moja baada ya nyingine. Skrubu ambayo msalaba wake umeumwa na bisibisi inasema kwamba hapo pameshafunguliwa, na pengine na mtu mwenye haraka. Kama kumi zina kutu kidogo na moja inang'aa, hiyo inayong'aa ina habari yake. Anainama kutazama pale mkono wa kulia wa mpigaji unapoegemea. Mkono hula rangi taratibu, na ukingo wa uchakavu huo huwa laini. Uchakavu wa kutengeneza kwa msasa una ukingo mkali. Huu ni wa mkono. Fundi hasemi kitu, anaandika mstari mmoja kwenye daftari.

Umbo la chombo hiki halijabadilika sana tangu lilipobuniwa. Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alitoa Precision Bass mwaka 1951. Wakati huo wapiga besi walibeba ile besi kubwa ya mbao inayosimamishwa, isiyo na freti, ambayo sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Fender aliweka freti, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, ili kila noti itoke mahali pake bila kubahatisha. Jina la Precision lilitokana na hilo. Urefu wa uzi, kutoka mfupa wa kichwani hadi kwenye daraja linaloshika nyuzi mwilini, aliuweka inchi 34, karibu sentimita 86, na ndio unaotumika kwenye besi nyingi mpaka leo. Jazz Bass ilifuata mwaka 1960, ikiwa na pikapu mbili, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, na shingo iliyo nyembamba zaidi upande wa kichwani, kama milimita 38. Lakini uamuzi ambao fundi wetu anaushukuru kila siku ni mwingine. Fender hakuigundisha shingo kwenye mwili, aliifunga kwa skrubu nne. Kwa hiyo shingo ikiharibika hubadilishwa, na ikitiliwa shaka hufunguliwa ikatazamwa.

Sasa anaiinua. Anaishika mwilini, kichwa kikielekea mlangoni, anafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake wote. Kingo mbili za ubao wa vidole zinapaswa kwenda sambamba. Shingo iliyopinda mbele inatibika, na iliyopinda nyuma mara nyingi inatibika. Iliyojisokota, ukingo mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, haina dawa karakanani hapa. Hiyo huirudisha kwenye begi na kumwambia mnunuzi aende nyumbani na fedha zake. Hii haijajisokota. Anaigeuza na kuitazama tena kutoka upande wa kichwani, kwa sababu mwanga wa upande mmoja humdanganya hata mzoefu.

Kipimo kinachofuata ni cha uzi. Anafunga kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, anabonyeza uzi mnene wa E kwenye freti ya 20, ambayo ndiyo ya mwisho. Uzi uliobanwa hivyo hunyooka kama kamba ya mwashi, na nafasi inayobaki kati yake na freti ya saba au ya nane ndiyo upindo wa shingo. Kwa mkono uliobaki anaingiza filageji, yale mabati membamba ambayo mafundi magari hupimia nafasi za plagi na valvu. Bati la milimita 0.3 linapaswa kupita likigusa juu na chini. Hapa linapita bila kugusa. Anaingiza la 0.5, nalo linapita. La 0.8 ndilo linalogusa.

“Imepinda mbele,” anasema. Ni neno lake la kwanza kwa muda mrefu, na muuzaji anajisogeza kwenye benchi.

Fundi hageuzi neno hilo kuwa lawama. Nyuzi nne za kawaida zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana, gitaa likipigwa au likilala. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachovuta kwa upande wa pili, na kazi ya mrekebishaji ni kuzipatanisha nguvu hizo mbili. Kisha kuna hewa. Anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa shingo, kutoka kichwani hadi mwilini, na kusimama mahali fulani. Ananiita nijaribu. Ncha za freti zinakwaruza kidole. Chombo kilichokaa kwenye chumba cha kiyoyozi hukauka, mbao hunywea, chuma cha freti hakinywei, basi ncha zake huchomoza nje.

“Umerudi lini, bwana?” anamuuliza muuzaji.

“Wiki ya tatu hii, mzee.”

“Basi mbao bado haijatulia.”

Hewa ya Dar imebeba maji ya bahari, na mbao iliyokauka Muscat sasa inayanywa taratibu. Shingo inayopimwa katika hali hiyo leo haitakuwa ilivyo baada ya mwezi. Mkaguzi asiyejua hili atamwambia mnunuzi kwamba besi ni mbovu, au atairekebisha siku hiyohiyo, aisifu, na kumwacha mnunuzi aamke na nyuzi zinazogonga freti.

Anaomba ruhusa. “Naomba nifungue shingo.” Hapo ndipo tofauti ya fundi na mjuaji inapoonekana, maana chombo bado ni cha mtu. Muuzaji anatikisa kichwa kukubali. Kwenye besi hii, iliyofuata mtindo wa miaka ya 1960, nati ya chuma cha ndani iko kwenye kisigino cha shingo, sehemu inayozama mwilini. Hakuna njia ya kuifikia ila kulegeza nyuzi, kutoa skrubu nne na kuinua shingo. Akikosea kipimo, anarudia yote tangu mwanzo.

Ana kipande cha boksi chenye matundu manne. Kila skrubu inapotoka anaichomeka kwenye tundu lake kwa mpangilio uleule, ili kila moja irudi kwenye uzi wa mbao iliyouzoea. Shingo inapoinuka anaangalia kisigino kabla ya kitu kingine. Fender walikuwa na desturi ya kuandika au kugonga tarehe hapo. Anaangalia pia shimo la mwilini, kama kuna ufa pembeni, kama rangi ya ndani inalingana na ya nje, kama kuna kijikaratasi kilichowekwa kuinua shingo. Kipo kimoja, chembamba, kimekatwa vizuri. Anakipima kwa kucha na kukirudisha.

Halafu nati. Anaitia tone la mafuta ya cherehani na kungoja. Besi nyingi zimekufa hapa. Nati ikiwa imeshafika mwisho, au imeota kutu ndani, chuma hakivuti tena, na anayelazimisha kwa nguvu za mkono mzima huikata. Fundi anageuza kwa kifundo cha mkono tu. Inagoma. Anangoja, anajaribu tena, na safari hii inasogea, sehemu moja ya nane ya mzunguko. Anaacha hapo. Nilidhani ataongeza, kwa kuwa filageji ilionyesha upindo mkubwa, lakini hakuongeza.

Kurudisha skrubu nako kuna ustadi. Anaishusha skrubu kwenye tundu, anaigeuza kinyumenyume polepole hadi inapotoa mlio mdogo wa kuangukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo anaikaza. Asiyefanya hivyo huchimba njia mpya kila anapofungua, na baada ya mara kadhaa mbao haishiki tena. Anakaza kwa kukingamisha, ya juu kushoto kisha ya chini kulia, kidogo kidogo, mpaka shingo ikae bila mwanya. Anakaza nyuzi hadi sauti zake, E, A, D, G, anapima tena kwa filageji, na anaifuta besi kwa kitambaa.

“Mrudi kesho jioni,” anasema.

Muuzaji analalamika kwamba yuko mteja mwingine Mbezi aliye tayari na fedha. Fundi anamjibu kwa upole. “Mwite aje, bwana, mali ni yako. Mimi nikisema leo nitakuwa nimesema nusu.” Besi inabaki karakanani.

Wakati mbao inatafuta utulivu wake, yeye anashughulikia uhalali. Fender walianza kutengeneza magitaa Japani mwaka 1982, katika kiwanda cha FujiGen Gakki kilichoko Matsumoto, na zile za kwanza zina namba inayoanza na JV. Baadaye herufi zilibadilika, na nyingine zilitumika zaidi ya mara moja, hivyo namba peke yake haitoshi kutaja mwaka. Za Marekani zina ugumu wa namna yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1976 namba iligongwa kwenye bati la nyuma la skrubu nne, na bati hilo linahamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine kwa dakika tano. Ndiyo maana mkaguzi mzuri huinua plastiki na kusoma migongo ya vitufe vya sauti. Kwenye vitufe vya kampuni ya CTS kuna namba inayoanza na 137, na tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki ya kutengenezwa. Kitufe, tarehe ya kisigino na namba ya bati vikipishana kwa miaka mingi, kuna kilichobadilishwa. Ghushi hufuata fedha. Kampuni ya CBS ilinunua Fender mwaka 1965, na wakusanyaji hulipa zaidi kwa vyombo vya kabla ya hapo.

Wizi nao una historia ndefu kwenye besi. Besi ya kampuni ya Höfner ya Paul McCartney iliibwa London mwaka 1972, na ikarudi kwake baada ya zaidi ya miaka 50, kampuni yenyewe ikiwa imeikagua na kuithibitisha. Jazz Bass ya mpiga besi Jaco Pastorius, ile aliyoing'oa freti, ilipotea New York mwaka 1986 ikaonekana tena baada ya takriban miaka 20. Kwa hiyo fundi hudai stakabadhi, na kama haipo hudai picha ya zamani ya muuzaji akiwa na chombo hicho jukwaani. Bwana wa Muscat anayo picha. Amesimama nyuma ya mwimbaji, na ukiikuza, mkwaruzo ulio karibu na daraja ni uleule.

Jioni ya pili bati la 0.5 linagusa. Shingo imesogea yenyewe usiku kucha kwa ile sehemu moja ya nane iliyopewa. Fundi anafungua tena, skrubu nne, nati, sehemu nyingine ndogo zaidi, anafunga tena. Sasa 0.3 inapita ikigusa pande zote mbili. Angeongeza jana, leo shingo ingekuwa imerudi nyuma kupita kiasi. Nilitazama uso wake wakati bati lilipogusa na sikuona mabadiliko yoyote. Aliandika tarakimu na kuendelea.

Freti zinafuata. Anapiga kila noti ya kila uzi, freti 20 kwa nyuzi nne, na kila moja anaiacha ilie mpaka ife yenyewe. Ni noti 80, na haruki hata moja. Mlio wa kukwaruza anautambua kabla yetu sote. Kwenye freti ya tisa anasimama, anachukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka, anakilaza juu ya freti tatu kwa pamoja. Kikitikisika, ya katikati imeinuka. Kinatikisika. Anaipaka wino mweusi juu, atakuja kuisugua kwa tupa bapa mpaka wino uishe na chuma kisitikisike, kisha airudishie mviringo wake kwa tupa yenye mfereji. Freti za mwanzo zina mifereji chini ya nyuzi, kina chake si kikubwa. “Zina miaka,” anasema, akimaanisha kwamba zitadumu.

Kwenye uzi wa G, freti ya sita, noti inakufa mapema kuliko jirani zake. Kijana anashtuka. Fundi anampigia mara tatu ili aisikie vizuri, kisha anamweleza kwamba besi nyingi za Fender zina mahali kama hapo, kati ya freti ya tano na ya saba, ambapo shingo yenyewe hutetemeka kwa kasi inayokaribia ile ya noti na kuinyonya nguvu. Ni tabia ya umbo na haifutiki kwa tupa. “Ijue tu, mwanangu. Ukitaka noti ndefu, kaipige kwenye uzi wa D.” Muuzaji angefurahi kama jambo hilo lisingetajwa, na mnunuzi angeweza kulitumia kushusha bei. Kwa kulieleza hivyo, fundi aliwanyima wote wawili hila.

Ubao wa vidole wa besi hii ni wa mti wa waridi wa India, ndugu wa mpingo wetu, wote wa jamii ya Dalbergia. Mpingo wa Kilwa na Nachingwea umekuwa ukitoka nchini kwenda kutengenezwa klarineti na obo, na mafundi wachache huutumia kwa ubao wa besi. Mwaka 2017 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, uliiweka jamii hiyo yote chini ya vibali, vyombo vya muziki vikiwemo. Waliokuwa wakiuziana besi kutoka nchi hadi nchi walihangaika na karatasi mpaka mwaka 2019, vyombo vilivyokamilika viliposamehewa. Mti wa waridi wa Brazili bado umebanwa, na besi ya zamani yenye ubao huo haivuki mpaka kienyeji.

Daraja halimchukui muda mrefu. Anagusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, katikati kabisa, utoe ile sauti nyembamba ya kengele, kisha anabonyeza freti hiyohiyo na kulinganisha. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, kikalio cha uzi kinarudishwa nyuma. Nyuzi tatu zimo, kikalio cha uzi wa A anakisogeza kwa bisibisi.

Umeme anaujaribu kwa masikio kabla ya mita. Anachomeka waya, anatikisa tundu lake akisikiliza kama linakatakata, anazungusha kila kitufe polepole. Kimoja kinakwaruza, ni vumbi, kitasafishwa. Halafu anafanya jaribio ninaloliona zuri kuliko yote. Pikapu mbili za Jazz Bass zimezungushiwa waya kinyume, moja dhidi ya nyingine, ili zikiwa wazi zote mvumo wa umeme ufutane. Anafungua zote mpaka mwisho, kimya. Anapunguza moja, mvumo unaingia. Anairudisha, kimya tena. Kwa sekunde chache amejua kwamba pikapu zote mbili ni za seti moja na hakuna aliyekosea kulehemu. Mita inathibitisha baadaye, kila moja kati ya kilo-omu 7 na 8.

Nyuzi zina sauti inayong'aa, na hilo ndilo lililomfanya kijana aipende besi siku ya kwanza. Fundi anausugua uzi mmoja kati ya vidole, anavinusa, anatabasamu kwa muuzaji. Zimechemshwa. Kila mpiga besi asiye na fedha ya seti mpya anaijua njia hiyo: nyuzi zinatiwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota, jasho na mafuta yaliyoingia kwenye misokoto yanatoka, na sauti inarudi kuwa kali kwa siku kadhaa. Muuzaji anakiri bila ugomvi. Kwenye daftari linaingia neno: nyuzi mpya.

Mwisho anaivaa. Mkanda begani, mikono yote miwili anaiachia, anatazama kama kichwa kinaanguka. Kinabaki pale kilipo. Anaining'iniza kwenye mizani ya kulabu, kilo 4.2. Anayepiga dansi kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane anaelewa kwa nini nusu kilo ni jambo la kuandikwa. Ndipo anapiga, kwa mara ya kwanza, muziki. Mwendo wa rumba, noti chache, nafasi kubwa katikati. Alikulia akisikiliza besi ya Mpudi Decca wa bendi ya OK Jazz, na kwa wapigaji wa shule hiyo noti inahukumiwa kwa namna inavyonyamaza sawasawa na inavyolia. Anaikata kwa kiganja, anasikiliza kama kuna uzi mwingine unaoendelea kuvuma peke yake. Hakuna.

Anasoma daftari kwa sauti, mbele ya wote. Shingo nzima, chuma cha ndani kinavuta na bado kina nafasi. Freti moja ya kusuguliwa, ncha za kulainishwa. Kitufe kimoja cha kusafishwa. Nyuzi mpya. Noti inayokufa mapema kwenye G. Chombo halali, cha Japani, hakijabadilishwa kitu. Bei hakuitaja, wala hakukubali kuulizwa. Muuzaji alikuwa ameanza na shilingi milioni mbili. Wakatoka nje kuongea, wakarudi wamekubaliana milioni moja na laki saba, nyuzi mpya zikiwa juu ya muuzaji, na besi ikabaki tena karakanani kwa ajili ya freti ya tisa.

Malipo yake alikuwa ameshayapokea kabla ya kufungua begi, nusu kutoka kila upande, na yangekuwa yaleyale hata kama biashara ingevunjika. Huo ndio utaratibu wake kwa kila chombo. Mkaguzi anayelipwa kwa asilimia ya mauzo atauona ubovu mdogo kuliko ulivyo, na anayeletwa na mnunuzi peke yake atauona mkubwa. Kwaya, bendi na shule zinazonunua besi zilizotumika zitenge fungu la ukaguzi kwenye bajeti tangu mwanzo, zimpe fundi siku mbili, na zimlipe kabla hajasema neno.